Mng'ao wa Dalali

Kuna imani iliyoenea katika gereji zetu, kuanzia Sengerema mjini hadi ng'ambo ya ghuba kule Mwanza, ambayo sijasikia fundi akiihoji: kwamba gari la zamani likishafufuliwa, ukifungua boneti lazima ujione uso. Bloku ya injini ing'ae, ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ung'ae, radieta ing'ae, kikalio cha betri king'ae, na mipira ya maji nayo isiachwe nyuma. Fundi akikabidhi gari la namna hiyo anasifiwa mtaa mzima. Akikabidhi lililopoa anaulizwa kama rangi ilimwishia njiani. Na mtu akithubutu kusema kwamba kiwanda hakikupaka hivyo, anajibiwa kwa kicheko: hayo ni mambo ya Wazungu wenye hela za kuchezea, sisi tunataka gari lipendeze.

Naipinga imani hiyo yote, bila kubakiza hata kipande. Inaharibu magari, inawaumiza mafundi, inakula fedha za wenye magari, na inafuta kumbukumbu ambazo hazikuandikwa mahali pengine popote. Tena kile kinachoitwa anasa ya Wazungu ndicho chenye bei ya chini. Anasa ni huo mng'ao.

Nitazungumzia Land Rover, maana kwetu ukitaja gari la zamani umetaja hilo. Peugeot 404 na 504 zilikuwepo, na malori ya Bedford yalibeba pamba, lakini gari lililomfikisha bwana shamba Buchosa wakati wa masika, likambeba padri, daktari na maboksi ya chanjo kwa zamu, lilikuwa Land Rover, hasa ile ndefu iitwayo 109. Zilizosalia utazikuta nyuma ya misheni, kwenye viwanja vya vinu vya kuchambulia pamba, au chini ya mwembe wa mzee fulani ambaye hataki kuuza wala kutengeneza. Siku hizi vijana wao wamepata hela kidogo na wanataka kuzifufua. Hilo ni jambo jema. Shida inaanzia kwenye duka la rangi.

Mng'ao huu hawakuuleta mafundi wa magari ya zamani. Uliletwa na soko la magari yaliyokwisha kutumika. Aliyewahi kununua gari mkononi mwa mtu anaujua mchezo wenyewe: injini inaoshwa kwa dizeli, inaachwa ikauke, inapulizwa vanishi au silva, na kwa siku kadhaa tone la oili halionekani. Mnunuzi mzoefu akikuta injini inang'aa kuliko umri wake, hurudi hatua nyuma akauliza inavuja wapi. Cha ajabu, mtu huyo huyo akifufua Land Rover ya babu yake anaagiza afanyiwe vivyo hivyo, kwa gharama kubwa zaidi, na kwa hiari yake. Hila ambayo angeikataa kwa dalali anajifanyia mwenyewe. Ukimbana anakujibu kwamba kizuri chajiuza. Methali ile ina nusu ya pili, na nusu hiyo inaihusu zaidi injini iliyopigwa vanishi.

Ili kuelewa kwa nini kiwanda kilipaka kilivyopaka, inabidi kukumbuka gari hili lilizaliwaje. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ikiwa bado inahesabu hasara za vita. Chuma cha kutengenezea bodi kilikuwa haba, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu ya mchanganyiko iitwayo Birmabright, na chuma kikabakizwa pale ambapo hapana budi, yaani kwenye chesisi na ule ukuta wa mbele. Magari ya mwanzo yalitoka na kijani hafifu kwa sababu rangi yenyewe ilikuwa masalio ya kupakia ndege za kivita. Watu waliofanya kazi kwa namna hiyo hawakuwa na muda wa kupamba kitu kilichofichwa chini ya boneti. Kila sehemu ilipata kile ilichohitaji kulingana na kazi yake. Kwenye 109 chesisi ilikuwa nyeusi. Kona na kingo za bodi zikachovywa kwenye zinki na kuachwa bila rangi. Ukuta wa mbele ukafuata rangi ya bodi. Injini ikapewa rangi yake moja kabla ya kufungwa garini. Manifoldi ya eksozi ikaachwa chuma kitupu, ishike kutu ya kahawia juu juu na iishi hivyo miaka hamsini.

Kwa hiyo mtu anayejua kusoma akifungua boneti lililopakwa sawasawa anaona ramani: hiki ni aluminiamu, hiki ni chuma cha kumimina, hiki kina zinki, hiki kimebadilishwa. Akifungua lililopigwa nyeusi ya glosi kote, anaona nyeusi.

Ubaya wake unadhihirika oili inapoanza kutoka. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokuwa kwenye 109 nyingi ni ngumu kufa, lakini kuvuja ni desturi yake. Wenyewe hutania kwamba Land Rover isipovuja, kagua kama ina oili. Inavuja kwenye mfuniko wa tapeti, kwenye kifuniko cha cheni mbele, kwenye sili ya nyuma ya krenki. Injini za namna hii ambazo hazijachezewa, ukifuta grisi mara nyingi unakutana na rangi hafifu inayoelekea kijani au buluu, na juu ya rangi hafifu oili mpya inaacha mchirizi wenye mwanzo na mwisho. Unaufuata kwa kidole hadi kwenye gasketi iliyochoka, unanunua gasketi, kazi imekwisha. Juu ya nyeusi inayong'aa mchirizi huo unapotea, kwa sababu rangi yenyewe inameremeta kama imelowa. Nimeona injini inashushwa kutafuta sili ya nyuma wakati tatizo lilikuwa kifuniko cha tapeti, bolti chache tu. Fundi hakuwa mjinga. Alinyimwa macho.

Umeme nao. Waingereza wana mzaha wao wa siku nyingi juu ya Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, kana kwamba giza lililetwa duniani na kampuni hiyo. Huku kwetu Lucas anasingiziwa. Umeme wa gari hurudi kwenye betri kupitia chesisi na bodi, na pale waya wa ethi unapofungwa bolti, chuma lazima kiguse chuma. Ukipaka praima, ukapaka rangi, ukamalizia na kliya, kisha ukafunga waya juu yake, umefunga waya kwenye kizuizi. Stata inavuta kwa uchovu, taa zinafifia ukipiga honi, geji ya mafuta inasema uongo. Mwenye gari ananunua betri mpya, halafu stata mpya, halafu anatangaza kwamba magari ya Kiingereza hayafai. Kiwanda kiliacha sehemu zile bila rangi nzito, na si kwa sababu ya ubahili.

Radieta inahitaji nyeusi nyepesi sana, tabaka moja jembamba, basi. Mapezi yake ni membamba na hewa inapita katikati yake. Rangi nene inayaziba, na hata isipoyaziba inayavika koti. Wale waliowahi kukaa foleni ya kivuko Busisi jua la saa saba, injini ikiunguruma kwa kuhofia kwamba ikizimwa haitawaka, wanajua sindano ya joto inavyopanda bila huruma. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 na ushee juu ya maji, lilipofunguliwa Juni 2025 liliondoa foleni hiyo. Jua halikuondolewa, wala vilima vya kuelekea Geita. Kuhusu manifoldi, sina la kusema zaidi ya kwamba rangi ya kawaida ikipakwa pale inaungua siku ya kwanza, inatoa moshi unaomtisha abiria, kisha inabanduka vipande vipande. Asiyevumilia kutu yake anunue rangi maalumu ya kuhimili joto la eksozi na afuate maelekezo ya kuipasha hatua kwa hatua. Mipira ya maji na waya vikipulizwa rangi, nyufa zinazibwa machoni na mpira unakakamaa. Kosa hili ni la uvivu wa kutofunika kabla ya kupuliza, ila limeishaitwa mtindo.

Halafu kuna namba. Kwenye 109 za baadaye namba ya chesisi imegongwa mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikiwa, na namba ya injini imegongwa kwenye bloku karibu na manifoldi. Usajili wa magari uko chini ya TRA, na siku ya kuhamisha umiliki mkaguzi atataka namba hizo azisome kwa macho yake. Fila na matabaka manne ya rangi vinazigeuza kuwa vivimbe. Mwenye gari anaanza kukwangua kwa bisibisi mbele ya mkaguzi, na chuma kilichokwanguliwa penye namba kinatia shaka kuliko kutu. Kadi ya gari la mwaka 1968 mara nyingi ina matatizo ya kutosha bila kuongezewa hilo.

Sasa niseme jambo ambalo gereji hazipendi kulisikia. Ule mng'ao wa kioo, unaodumu na usiofifia kwa petroli, hutokana na rangi za kuchanganya na hadina, na hadina hizo kwa kawaida zina kemikali iitwayo isosayaneti. Ukungu wake ukivutwa puani unaweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na aliyekwisha kuathirika hushindwa hata kukaribia chumba kinachopulizwa. Katika nchi zinazosimamia kazi hii, mpulizaji huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kwetu kijana anafunga kitambaa cha fulana usoni, anajipenyeza ndani ya uwazi wa injini ambamo hewa haizunguki, na anapuliza mpaka ajione kwenye bloku. Anafanya hivyo kwa ajili ya eneo ambalo kiwanda kililimaliza kwa rangi ya nusu mng'ao. Mwenye gari anapomsifu, amsifu na kifua chake.

Na gharama? Kazi ya mng'ao inataka fila ya kulainisha chuma cha kumimina ambacho kilizaliwa na vipele, praima, rangi, kliya, hadina, thina ya daraja la juu, na siku nyingi za msasa. Kazi ya kiwandani inataka kusafisha vizuri, kuondoa kutu, praima ya kuzuia kutu penye chuma kitupu, kisha rangi ya mafuta isiyohitaji hadina. Ile nyeusi ya nusu mng'ao haihitaji kuagizwa kutoka Ulaya. Changanya nyeusi ya glosi na nyeusi isiyong'aa za kampuni moja, ujaribu kwenye kipande cha bati, uache likauke usiku kucha ndipo uhukumu, kwa maana rangi mbichi humdanganya hata mzee wa kazi. Sehemu nyingine unapaka kwa brashi nzuri na hakuna atakayejua. Bolti na nati zikiwa na zinki ziache. Ukizipaka rangi, spana ya kwanza itaibandua na maji yataanza kazi yake hapo. Vipande vya aluminiamu visivyo na rangi vioshwe tu. Kazi kubwa zaidi ni kujua wapi pa kuacha, na hiyo haiuzwi kwa kopo.

Wapinzani wangu wenye akili, nao wapo, huacha habari ya bei na kuuliza swali gumu zaidi: kiwandani kwa nani? Gari limepakwa mara tatu tangu enzi za Nyanza kuwa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa pamba. Misheni walilipaka nyeupe, halmashauri wakalipaka kijani, mfanyabiashara wa dagaa akalipaka buluu. Unarudi wapi?

Swali ni zuri na linajibika. Kwanza kabisa, historia hiyo yote ya matabaka iko kwenye bodi. Chini ya boneti haiko. Nani alihangaika kupaka nyuma ya kikalio cha betri? Nani alitoa kabati la hita ili apulize ukutani? Toa kikalio hicho, fungua vishikio vya waya, futa grisi kwa mafuta ya taa na kitambaa, bila msasa, na mara nyingi utaikuta rangi ya kwanza imelala pale haijaguswa, haijapigwa jua, kama siku ilipotoka. Grisi iliyolaaniwa na kila anayeosha injini ndiyo iliyoitunza. Anayefika na msasa siku ya kwanza anachoma ushahidi kabla ya kesi.

Kisha soma namba. Kwa 109 ya petroli ya silinda nne katika toleo la IIA, lile lililotengenezwa kati ya 1961 na 1971, namba ya chesisi inayoanza na 252 ni ya gari la usukani wa kulia lililouzwa nje likiwa zima. Inayoanza na 253 ni ya gari lililosafirishwa vipande vipande likaunganishwe nchi nyingine. Tofauti hiyo ni kubwa sana kwa mada yetu, maana gari la vipande lilipigwa rangi kule lilikounganishwa. Jirani zetu Kenya walifanya kazi hiyo kwa wingi. Leyland Kenya, kiwanda kilichoanzishwa Thika mwaka 1974, kiliunganisha Land Rover za baadaye, na mikono iliyopaka ilikuwa ya Waafrika Mashariki. Kwa gari la namna hiyo, ule msemo wa mambo ya Wazungu hauna pa kusimama. Kwa lililokuja zima, andika kwa makumbusho ya magari ya Uingereza yaliyoko Gaydon. Wanazo daftari za kiwanda, na kwa malipo hutoa cheti kinachoonyesha gari lilitengenezwa lini, lilipelekwa wapi na, mara nyingi, lilikuwa na rangi gani. Kijana aliyeko Nyehunge mwenye simu anaweza kuomba cheti hicho leo jioni.

Nakubali kwamba upande wa pili una vichaa wake. Marekani wako watu wanaorudishia mpaka alama za chaki walizoweka wakaguzi wa kiwanda, na michirizi ya rangi iliyomwagika kwa bahati mbaya mwaka 1967, na majaji wanawapa alama kwa hilo. Siwaombei wafuasi hapa. Mashindano ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970 na yakawa yakifanyika kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, yana mzigo wake pia: gari linasimama kwenye nyasi, majaji wanainama kuchungulia injini na chini, na usafi unatafutwa kuliko chochote. Sina ugomvi na usafi. Nina ugomvi na mtu anayetazama picha za Ngong akadhani Land Rover ya kubebea mihogo lazima ivae vile vile, kisha akadhani tena kwamba mbadala wake ni kutojali kabisa.

Pingamizi la mwisho ni la hali ya hewa, na ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Tuko kando ya ziwa. Asubuhi chuma kinatoka jasho, barabara za vumbi zinakwangua rangi, na kiwanda cha miaka ya 1960 hakikuwa bingwa wa kuzuia kutu. Kila anayemiliki 109 ameona chesisi na sehemu za miguuni zilivyoliwa. Kwa nini kurudia udhaifu wao? Hakuna anayesema urudie. Chesisi ikikwanguliwa ikabaki tupu, ichovye kwenye zinki kama una uwezo. Paka praima yenye zinki. Mimina nta ndani ya mapango ya chesisi, uachane na ile desturi ya kupaka oili chafu ambayo inakusanya vumbi na kuozesha mipira. Pale aluminiamu inapokutana na chuma weka kitu cha kuvitenganisha, kwa sababu vikilowa pamoja aluminiamu inaliwa. Haya yote yanakwenda chini. Ninachodai ni kile cha juu, ngozi ya mwisho: iwe ya rangi na mng'ao uliokusudiwa, kwa unene uliokusudiwa, na sehemu zilizoachwa wazi ziachwe wazi. Nta haina ugomvi na nusu mng'ao. Kliya ndiyo inayogombana na ethi.

Pia kuna sababu ambayo haina uhusiano na spana. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yanaonyesha magari yaliyotumiwa na viongozi wetu, ikiwemo Rolls-Royce ya tangu enzi za gavana, na hakuna mwananchi mwenye akili timamu anayetaka yapigwe rangi ya kisasa ili yapendeze. Tunaelewa kwamba yale ni nyaraka. Land Rover iliyopeleka chanjo vijijini haitaingizwa makumbusho hayo. Hakuna aliyeandika kitabu juu yake, daftari la safari zake lililiwa na mchwa, na dereva wake wa kwanza pengine amekwisha kufariki. Kilichobaki ni tundu lililotobolewa kwa mkono kwenye ukuta wa mbele kupitisha waya wa redio ya upepo, herufi za misheni zilizoandikwa kwa brashi ndani ya gadi, kiraka cha bati kilichofungwa kwa ribiti. Ukipaka rangi ya kiwandani kwa kufuata ushahidi, vitu hivyo unavikuta, unaviuliza, unaamua kuvitunza au la. Ukitaka mng'ao wa kioo lazima uvizibe, kwa kuwa fila haivumilii tundu.

Kwa hiyo mafundi wa Sengerema, ikiingia 109 nyingine wiki hii na mwenye nayo akaagiza ing'ae, mwambieni asubiri siku mbili. Toeni kikalio cha betri. Futeni kwa mafuta ya taa. Pigeni picha ya kila kona kabla ya kugusa msasa, zaidi sana pale waya wa ethi unapofungwa na pale namba zilipogongwa. Mwiteni aje aione rangi mliyoikuta, na karibu nayo wekeni vipande viwili vya bati, kimoja cha glosi na kimoja cha nusu mng'ao, na karatasi ya gharama ya kila kimoja. Akichagua glosi baada ya hapo, mpigieni. Gari ni lake. Ila bei ya barakoa ya hewa iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo, na ailipe yeye.